Barua ya Wazi: Msizime Masasisho ya Kimyakimya, Yawekeeni Masharti

Kwa:
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia ya habari,
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania,
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Serikali Mtandao,
na wakuu wa vitengo vya TEHAMA katika taasisi za umma.

YAH: USALAMA WA MASASISHO YANAYOJISAKINISHA YENYEWE

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Watumiaji wanatuuliza swali moja kila wiki: hii apdeti inayojishusha yenyewe usiku, niiache au niizime? Kwa mwenye simu yake na laptop yake, jibu letu ni fupi: iache. Kwa taasisi yenye kaunta ya malipo, wodi au seva ya mishahara, jibu lina masharti, na mengi ya masharti hayo mtumiaji hana uwezo nayo. Ninyi mnao.

Tunaandika kwa sababu kuna njia mbili za mkato zilizokwisha kuzoeleka. Ya kwanza ni ya fundi wa mtaani. Akifunga Windows kwenye kompyuta ya mtumba, anazima kabisa huduma ya masasisho "isije ikakumalizia bando". Mteja anashukuru na kuondoka, na mashine ile haioni tena kiraka, yaani sasisho linaloziba tundu la usalama, mpaka itakapotupwa. Ya pili ni ya ofisini: waraka wa mistari miwili unaositisha masasisho yote "hadi itakapotangazwa vinginevyo". Haitangazwi. Aliyeuandika anahamishwa kituo, waraka unabaki kwenye faili, na miaka mitatu baadaye hakuna anayejua kwa nini seva ile haijaguswa.

Hatuwalaumu sana. Hofu yao ina chanzo, na tuanze na chanzo hicho.

Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya CrowdStrike ilisukuma faili dogo kwenda kwenye kompyuta za Windows zinazolindwa na programu yake ya Falcon. Halikuwa toleo jipya la programu. Lilikuwa data tu, maelekezo ya kutambua mbinu fulani ya wavamizi. Aina ile ya maelekezo ilipangwa kuwa na nafasi 21 za taarifa, lakini msimbo ulioyahudumia ulikuwa unapeleka 20. Pengo hilo halikuonekana kwenye majaribio wala kwenye mafaili yaliyotangulia, kwa sababu nafasi ya 21 ilikuwa imejazwa alama ya "chochote kinafaa", hivyo hakuna aliyewahi kwenda kuisoma. Siku ile ikasomwa. Draiva ya Falcon ikachungulia mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu ya mashine, na kwa kuwa draiva hiyo inaishi ndani ya kiini cha mfumo endeshi, Windows haikuwa na namna ila kuanguka. Skrini ya buluu, mashine inajiwasha, skrini ya buluu tena. Kampuni iliondoa faili saa 2:27, dakika 78 baadaye. Microsoft ilikadiria kuwa mashine milioni 8.5 ziliathirika. Ni chini ya asilimia moja ya Windows zote duniani, lakini shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000.

Mambo mawili katika tukio hili huwapita viongozi wengi.

La kwanza, kulikuwa na wateja waangalifu. Walikuwa wamechagua makusudi kubaki toleo moja au mawili nyuma ili wengine wajaribiwe kwanza. Nao walianguka. Uchaguzi ule uligusa toleo la programu, haukugusa mafaili ya data ya kila siku. Walifunga mlango wa mbele, faili likapitia uani. Baada ya ajali ndipo kampuni ilipoanza kusambaza mafaili hayo kwa awamu na kuwapa wateja usemi juu yake. Kwa hiyo msimamizi akikuambia "sisi tunachelewesha masasisho", swali linalofuata ni: yapi?

La pili ni ukarabati. Wenyewe ulikuwa mwepesi. Unaiwasha mashine kwa hali salama, unafungua folda ya CrowdStrike iliyo ndani ya System32\drivers, unafuta faili linaloanza na C-00000291 na kuishia na .sys, unaiwasha upya. Dakika tano kama mkono mwepesi. Shida ni kwamba diski nyingi zilikuwa zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski, na mashine iliyofungwa haikuachii uione folda yoyote kabla hujaandika ufunguo wa tarakimu 48, makundi manane ya tarakimu sita sita. Kuna waliohifadhi funguo hizo kwenye seva, na seva yenyewe ilikuwa kwenye skrini ya buluu. Na kazi hii haifanyiki kwa mbali, kwa sababu mashine isiyowaka haina mtandao. Mtu lazima aende akae mbele yake. Dakika tano mara mashine 600 ni saa 50 za fundi, hapo hujahesabu nauli ya kwenda wilayani.

Baada ya kusoma hayo, mkuu wa idara anayeamua kuzima kila kitu anaonekana ana busara. Hana, na ushahidi ni wa Mei 2017.

Tarehe 14 Machi mwaka ule Microsoft ilitoa kiraka MS17-010 cha tundu lililokuwa kwenye huduma ya kushirikishana mafaili ya Windows. Kiraka kilikuwa bure. Siku 59 baadaye, Ijumaa ya tarehe 12 Mei, WannaCry, programu haribifu ya kudai fidia, ikapita katika tundu lile lile na kuzifunga mashine zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150. Uingereza, taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 zinazoendesha hospitali za umma zilivurugwa, na wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Mashine nyingi zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao kiraka chake kilikuwepo tangu Machi. Hakuna aliyehitaji kubofya kitu. Mashine iliambukiza jirani yake kwenye mtandao huo huo wa ofisi.

Sababu ya haraka hiyo ni ya kiufundi na inafaa kueleweka na kila anayesaini nyaraka. Kiraka kikishatoka, mvamizi anachukua faili la zamani na jipya, anayalinganisha, na tofauti inamwonyesha tundu lilipo. Kabla ya kiraka, tundu linajulikana na wachache. Baada ya kiraka, kila mwenye subira anaweza kulisoma. Asiyesasisha hayuko pale alipokuwa jana; hali yake imekuwa mbaya zaidi, na imekuwa hivyo kwa sababu wenzake wamesasisha.

Kwa hiyo kuna hatari ya kupokea mapema mno na hatari ya kupokea kwa kuchelewa, na muda salama uko katikati, ukipimwa kwa siku. Hapo ndipo tunapoomba mwongozo wa Serikali Mtandao uwe na namba badala ya maneno "kwa wakati".

Pendekezo letu ni hili. Siku ya kutoka, ambayo kwa Windows ni Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu inaangukia usiku, kiraka kipokelewe na mashine za kitengo cha TEHAMA wenyewe. Siku ya tatu kipokelewe na mashine moja au mbili kutoka kila idara, zikiwemo zenye printa za ajabu na programu za zamani, maana hizo ndizo huharibika kwanza. Siku ya saba ofisi nzima. Siku ya 14 iwe ukomo, na isiyosasishwa itolewe kwenye mtandao hadi isasishwe. Seva zifuate siku mbili nyuma ya ofisi, moja moja, si zote usiku mmoja. Windows inaruhusu kuchelewesha masasisho ya kila mwezi hadi siku 30 kwa sera ya mtandao wa ofisi, kwa hiyo haya yote yanawekwa mara moja na hayahitaji programu ya kununua. Pale tundu linapokuwa tayari linatumiwa na wavamizi, ratiba hii inavunjwa na ukomo unakuwa saa 72. Orodha za antivairasi zenyewe hutoka mara kadhaa kwa siku. Kuzichelewesha kwa siku ni upuuzi, lakini kwa seva za malipo saa chache zinatosha kuona kama wengine wameanguka.

Mtu anaweza kusema wiki moja ni ndogo kwa kitu chochote kugundulika. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye mashine yake kwa mbali kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika karibu kila mahali kwenye mfumo endeshi wa Linux. Matoleo yenye sumu, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yameishia zaidi kwenye Linux za majaribio. Waliokuwa kwenye matoleo tulivu ya Debian, mojawapo ya aina za Linux, hawakuguswa. Foleni ya kusubiri iliwakinga.

Tuhamie kwenye simu, ambako ndiko wananchi wengi waliko, na ambako kanuni zilizopo hazijafika.

Simu nyingi za Android za miaka ya karibuni zina sehemu mbili za mfumo. Unapoitumia simu ikiwa sehemu ya kwanza, sasisho linaandikwa taratibu kwenye ya pili. Ukiizima na kuiwasha, inahamia ya pili. Ikishindwa kuwaka, inarudi ya kwanza na mwenye simu hajui hata kama kulikuwa na tatizo. Hapo sasisho la kimyakimya ni salama kuliko la mkono. Simu za zamani na baadhi ya za bei ya chini zina sehemu moja tu. Sasisho linaandikwa juu ya mfumo uliopo, na betri ikiisha katikati simu inagoma kwenye nembo ya kampuni, kisha inapelekwa kwa fundi kuflashiwa, na picha zote zimekwenda. Kwa simu za aina hiyo ushauri ni betri nusu kwenda juu, chaja ikiwa imechomekwa, na angalau gigabaiti mbili au tatu za nafasi. Kwenye maboksi ya simu hakuna panapoonyesha aina ipi iko ndani.

Halafu bando. Duka la programu la Android, lisipoguswa, husasisha programu pale simu inapokuwa kwenye Wi-Fi. Mpangilio huo umetungwa na watu wenye Wi-Fi nyumbani. Mama anayeuza genge Mbagala, anayenunua bando la siku na hajawahi kuunganisha simu yake na Wi-Fi yoyote, hakuzima masasisho. Yamewashwa, ila hayaji. Simu yake inaonyesha kila kitu kiko sawa huku programu anayotumia kutuma na kupokea pesa ikiwa ya mwaka juzi. Akiambiwa aruhusu masasisho kwa data ya simu, programu kubwa mbili tatu zinamaliza bando lake kabla ya saa nne asubuhi, naye anazima kwa hasira. Yuko sahihi.

Dawa ya hili ipo ndani ya uwezo wa mamlaka ya mawasiliano. Kampuni za simu zitakiwe kupitisha masasisho ya usalama bila kukata bando, walau kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, wakati minara imelala. Tunasema ya usalama, si ya vikaragosi vipya na rangi za vitufe. Wenye minara watalalamika kuhusu gharama ya njia ya kimataifa, na wana hoja, ila faili la sasisho ni lile lile kwa mamilioni ya watu, kwa hiyo linaweza kukaa kwenye seva ya akiba hapa Dar es Salaam na kugawiwa kutoka hapo. Halina hatari kukaa hapo: limetiwa saini ya kidijitali na mtengenezaji, na anayebadilisha herufi moja anaivunja saini, simu inalikataa. Kitu ambacho tungekipinga ni mtu yeyote, hata serikali, kuomba kulitia saini upya njiani.

Kwa ofisi, hesabu ni rahisi zaidi. Sasisho la mwezi la Windows ni megabaiti mamia kadhaa, na siku hizi hupita gigabaiti moja. Ofisi ya kompyuta 40 inavuta gigabaiti 40 kwa jambo moja, na asubuhi ya Jumatano mtandao unakuwa kama foleni ya Ubungo. Windows ina kipengele kinachoitwa Delivery Optimization ambacho huifanya mashine moja ishushe na nyingine zinakili kutoka kwake ndani ya ofisi. Kikiwekwa namba 1 kwenye sera, kinabaki ndani ya mtandao wa ofisi. Kinashindwa kwa sababu mbili za kawaida: ukuta wa moto umefunga mlango namba 7680, au ruta ya Wi-Fi imewekwa kuzuia mashine zisionane. Na hakisaidii kitu pale kila mfanyakazi anapotumia hotspot ya simu yake, hali tunayoikuta mara nyingi kuliko inavyoandikwa kwenye ripoti.

Sasa suala linalotutia hofu zaidi kuliko skrini ya buluu: nani ameshika ufunguo wa mlango ambao masasisho hupitia. Mlango huo, kwa asili yake, unaruhusu mtu wa mbali kuweka programu yoyote kwenye kifaa chako bila kukuuliza. Akiwa mwaminifu, ni kinga. Akivamiwa, au asipokuwa mwaminifu, hakuna kirusi kinachoweza kushindana naye.

Mwaka 2017 wavamizi waliingia kwenye seva za masasisho za M.E.Doc, programu ya hesabu za kodi inayotumiwa na kampuni nyingi za Ukraine, na tarehe 27 Juni wakaitumia kueneza programu haribifu ya NotPetya. Kampuni ya meli ya Maersk ilipigwa. Kila seva inayotunza majina na ruhusa za watumiaji wake ilifutwa, isipokuwa moja, ya ofisi ya Ghana, iliyokuwa nje ya mtandao kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Kutoka hapo walijenga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku 10. Wasomaji wetu watacheka, lakini mgao wa umeme hauwezi kuandikwa kama mpango wa dharura. Kinachotuhusu zaidi ni mahali mvamizi alipopita: programu ya kodi, ile ambayo mfanyabiashara analazimika kuitumia. Kwetu kuna mashine za EFD na programu za risiti. Kila mgavi aulizwe, kwa maandishi: seva ya masasisho iko wapi, nani anaweza kuidhinisha sasisho, na je, mtu mmoja peke yake anaweza kulituma kwa wafanyabiashara wote kwa mkupuo?

Saini nayo ina mpaka wake. Mwaka 2020 sasisho la SolarWinds Orion, programu ya kusimamia mitandao, lililobeba mlango wa siri liliwafikia wateja wapatao 18,000 likiwa na saini halali kabisa, kwa sababu wavamizi waliingiza kitu chao kabla ya kutiwa saini. Muhuri kwenye gunia unasema nani alilifunga. Hausemi kama ndani kuna mchele.

Kwa simu za bei nafuu hali ni mbaya kwa namna tofauti, kwa sababu programu ya masasisho mara nyingi si ya kampuni iliyoandikwa kwenye boksi. Imenunuliwa kwa mtu wa tatu. Novemba 2016 watafiti wa Kryptowire walionyesha kuwa programu ya masasisho ya Adups, iliyokuwamo kwenye simu za BLU R1 HD zilizouzwa Marekani, ilikuwa ikituma ujumbe mfupi wa mwenye simu kwenda seva iliyoko China kila baada ya saa 72. Mwezi huo huo iligundulika programu nyingine, ya Ragentek, iliyokuwa ikiomba masasisho bila usimbaji wowote, tena kwenye anwani tatu za intaneti ambazo mbili hakuna aliyekuwa amezisajili. Watafiti wakazisajili wao. Simu takribani milioni 2.8 zikaanza kuwabishia hodi zikisubiri amri. Angezisajili mhalifu kwa bei ya chakula cha mchana, angekuwa na mamlaka kamili juu ya simu zote zile. Na mwaka 2020 simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini ziliripotiwa kuwa na programu haribifu za xHelper na Triada zilizokuwamo tangu kiwandani. Kampuni mama ilisema ziliingizwa na mgavi mmoja katika mnyororo wa utengenezaji. Mwenye simu hakukosea popote.

Mamlaka ya mawasiliano tayari inaidhinisha kila aina ya simu kabla haijauzwa, na Juni 2016 ilizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia IMEI, namba za utambulisho wa kila simu, kwa hiyo uwezo wa kukataa upo. Tunaomba ukaguzi uongezwe hatua chache ambazo maabara ndogo inazimudu. Simu mpya mbili zinunuliwe dukani, si zilizoletwa na mwombaji. Ziwashwe kwa siku 14 mfululizo, moja ikiwa na laini na nyingine kwenye Wi-Fi pekee, huku kila anwani inayowasiliana nazo ikirekodiwa. Siku tatu hazitoshi, maana programu za aina hii hupenda kulala kwanza. Iorodheshwe kila programu ya kiwandani yenye ruhusa ya kusakinisha nyingine kimyakimya, na mwombaji aeleze ni ya nani. Itazamwe kama masasisho yanapita kwenye njia iliyosimbwa na kama saini inakaguliwa kweli: weka faili lililochezewa, uone kama simu inalikataa. Ukaguzi urudiwe baada ya sasisho la kwanza kubwa, kwa sababu simu iliyopita mtihani Januari inaweza kuwa simu nyingine kufikia Juni.

Jambo jingine la boksi: tarehe. Mtindi una tarehe ya mwisho wa matumizi, simu ya shilingi 300,000 haina. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, mtengenezaji wa kifaa kinachoungana na mtandao lazima atangaze muda wa chini ambao atatoa masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi. Kanuni yake namba 2024/2847, ambayo masharti yake makuu yanaanza kubana tarehe 11 Desemba 2027, inataka masasisho ya usalama yajiendeshe yenyewe inapowezekana, mtumiaji awe na njia rahisi ya kuyazima au kuyaahirisha, na yatenganishwe na masasisho ya vipengele vipya pale teknolojia inaporuhusu. Hatuombi kunakili kanuni nzima. Tunaomba tarehe kwenye boksi, kwa Kiswahili, na utenganisho huo wa mwisho, kwa sababu kukosekana kwake ndiko kunakovunja imani ya watu. Mtu aliyesasisha akakuta simu imekuwa nzito, matangazo yameongezeka na kitufe alichokizoea kimehama, hatasasisha tena. Kiraka kilichomlinda hakukiona. Alichokiona ni usumbufu.

Upande wa kompyuta, tarehe ilishapita. Windows 10 ya kawaida iliacha kupewa viraka vya bure tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza. Kompyuta nyingi za mtumba zinazoingia nchini hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0 wala prosesa ambayo Windows 11 inaitaka. Zabuni za serikali bado zinaandikwa kwa gigabaiti za RAM na ukubwa wa diski. Uongezwe mstari mmoja: mfumo endeshi utakaopewa viraka kwa miaka isiyopungua mitano tangu siku ya kupokea. Mashine isiyokidhi inaweza kuwekwa Linux na kutumika vizuri kwa kazi za ofisi, lakini uamuzi huo ufanywe kabla ya kununua.

Hadi hapo mtakapotunga hayo, mwananchi anaweza kuangalia hali yake mwenyewe: Mipangilio, Kuhusu simu, Toleo la Android, kisha tarehe ya sasisho la usalama. Ikizidi miezi sita nyuma na simu inadai hakuna jipya, simu hiyo isitumike kwa benki.

Mwongozo wowote mtakaotoa, tunaomba ushinikize jambo la kurudi nyuma kabla ya la kusonga mbele. Windows ikipokea toleo kubwa, inahifadhi la zamani kwa siku 10 tu, baada ya hapo inalifuta ili kuokoa nafasi. Kwa hiyo majaribio ya idara yafanyike ndani ya siku hizo. Nakala rudufu ya mafaili iwe imefanywa na imejaribiwa kurejeshwa. Oktoba 2018 toleo la Windows 10 lililoitwa 1809 lilifuta nyaraka za baadhi ya watumiaji likiwa linafanya kile lilichopangiwa, na Microsoft ikalisimamisha siku chache baadaye. Malalamiko yalikuwa yametolewa na wajaribu kabla halijatoka. Masasisho ya programu ya kiwandani ya ubao wa kompyuta, BIOS, yasifanyike kamwe bila UPS yenye betri iliyopimwa.

Barua hii haihitaji jibu refu. Kabla ya mengine yote, tunaomba kila mkuu wa taasisi amwite mkuu wake wa TEHAMA na kumuuliza: ufunguo wa tarakimu 48 wa kompyuta ya mhasibu umeandikwa wapi sasa hivi, na nani anaweza kuufikia seva zote zikiwa zimezimika? Kama jibu si karatasi iliyo ndani ya bahasha, ndani ya sefu, yenye majina ya watu wawili, tunaomba iwepo ifikapo Ijumaa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wasimamizi wa mifumo na mafundi wa mitandao

Nakala:
Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi
Kampuni zote za simu zenye leseni